Baiskeli Iliyompita Mkwe

Enzi za Mdachi, reli ilipokuwa bado mpya Dodoma, Sila alikuwa anabeba samli. Asubuhi anachukua vibuyu dukani kwa Abbasi, mfanyabiashara aliyetoka Kondoa. Anavipeleka stesheni, anavipeleka bomani, anarudi. Kazi yote hiyo kwa miguu, na jua la Dodoma unalijua.

Siku moja treni ikashusha baiskeli mbili za Abbasi.

"Chagua moja ya kazi," Abbasi akamwambia. "Nyingine nauza."

Zote mbili zilikuwa za kufungana. Yaani tairi la nyuma likizunguka, pedeli nazo zinazunguka, upende usipende. Moja ilikuwa ndefu, nyeusi, inang'aa. Kwenye pedeli ilikuwa na duara la meno kubwa kama sinia. Ya pili ilikuwa fupi, imechubuka rangi, duara lake dogo, na mbele ina breki ya mkono. Hiyo Sila hata hakuipanda. Mtu anaposa, halafu apande kitu kifupi?

Maana alikuwa anamposa Zipora, binti wa mzee Yotham wa Nkuhungu. Habari za ng'ombe zilishazungumzwa. Lilibaki neno la mwisho la mzee, na lilikuwa la Jumapili.

Sasa Jumatano, Sila anateremka na ile ndefu kutoka bomani, akamwona mzee Yotham kando ya njia na wenzake. Mkwe kwa Wagogo humsalimii ukipita. Unasimama. Unauliza mifugo, unauliza mvua, unajibiwa, ndiyo unaondoka. Sila akataka kusimama, akakaza miguu yote miwili mara moja. Pedeli zikairusha miguu pembeni, zikaendelea kuzunguka zenyewe, zinampiga kwenye miundi. Breki hamna.

"Mbukwenyi, baba," akasalimia, na alikuwa ameshapita.

Samli yote iliishia kwenye kichaka cha miiba. Sila naye humo humo.

Jioni akaja Kefa, kaka yake Zipora.

"Mzee anasema umemsalimia kwa mgongo," Kefa akasema. "Anasema kama kwake husimami, kwa binti yake utasimama? Ijumaa analeta mbuzi sokoni, atapita njia ile ile. Ukimpita tena, Jumapili usijisumbue."

"Zipora je?"

"Zipora alicheka. Halafu akalia. Halafu akasema utafute punda."

Sila akaikokota baiskeli mpaka kwa Msafiri, jirani yake. Msafiri aliwahi kupeleka barua kwa baiskeli huko Dar es Salaam, na hakuna mtu mtaani ambaye hajasimuliwa.

"Ningepata ile ya kuserereka," Sila akamwambia. "Ile ukiacha kukanyaga, pedeli zinatulia."

"Ile nzuri kwa safari ndefu yenye milima," Msafiri akasema. "Ila ndani ina vidude vidogo, na vumbi letu hili likiingia utalia nayo. Wewe uko mjini, unasimama kila nyumba. Ya kufungana inakutosha. Tatizo ulichagua kwa macho."

"Ningechagua kwa nini?"

"Kwa makalio. Panda hapo."

Msafiri akaishika baiskeli, Sila akapanda.

"Ile pedeli ya chini, kisigino kinafika?"

"Vidole vinafika."

"Basi hiyo ya mtu mwingine. Kisigino kisipofika, huna nguvu ya kuizuia. Haya, na hilo sinia?"

"Linakimbia sana."

"Ndiyo, linakimbia. Ukikanyaga kidogo tu, tairi limeshakwenda mbali. Kulizuia sasa, utaazima miguu ya fahali. Mjini unachukua duara dogo. Na breki ya mbele usiiache. Mnyororo ukikatika, miguu yako haizuii chochote."

Kesho yake asubuhi Sila akamrudia Abbasi, akaomba ile fupi.

"Si uliidharau?" Abbasi akauliza.

"Niliidharau, bwana."

"Na samli yangu ikaoga miiba. Chukua. Hiyo ndefu atanunua mtu mrefu."

Mchana wakaenda yeye na Msafiri kwenye uwanja nyuma ya stesheni. Kwanza Msafiri akabonyeza mnyororo kwa kidole. Ulicheza kidogo tu. Akasema ukilegea sana utachomoka, na ya kufungana ikichomoka mnyororo huwa inaangusha. Kisha akamfunga kanzu kwa kamba, upande wa mnyororo.

"Nguo ikiingia humu, hii haikungoji," akasema. "Haya, nenda. Ukitaka kusimama, usikaze. Pedeli ikija juu, ikandamize polepole. Inakusukuma, wewe unakataa kidogo kidogo. Mwisho ndiyo breki."

Sila akaanguka. Akaanguka tena. Jioni alikuwa anasimama pale pale Msafiri alipochora mstari, na Msafiri akaanza kusimulia habari za Dar es Salaam, kwa hiyo Sila akaondoka.

Ijumaa mzee Yotham alikuwa chini ya mteremko na mbuzi wake. Hakusogea. Alisimama katikati ya njia kabisa, fimbo mbele, anatazama juu.

Sila akaanza kukataa mapema. Kidogo, kidogo tena. Vibuyu vikatulia. Akabana breki, akasimama mbali kidogo na mbuzi wa kwanza. Akashuka, akailaza baiskeli chini, akaenda kwa miguu mpaka mbele ya mzee.

"Mbukwenyi, baba."

Mzee akaitikia. Sila akauliza mbuzi, akauliza ng'ombe, akauliza mvua ya Nkuhungu. Mzee akajibu moja moja, bila haraka. Jua likawaunguza wote wawili. Mwisho mzee akaisogelea baiskeli, akaigusa pedeli kwa fimbo.

"Huyu sasa anasikia?"

"Anasikia miguu, baba."

"Juzi hakusikia."

"Juzi alikuwa mwingine, baba."

Mzee akawasukuma mbuzi wake, akapita. Hatua chache mbele akageuka.

"Jumapili njoo," akasema. "Huyo mwache kwenu."

Jumapili Sila alikwenda Nkuhungu kwa miguu.