Kasuku Alipoitikia

Kila asubuhi kabla ya shule, Kasuku alifagia ua na kumsuka mdogo wake nywele, na muda wote huo mdomo wake haukupumzika. Ndiyo maana nyumbani walimpa jina hilo. Lakini juma lile alifagia kimya. Shavu la kushoto lilikuwa limevimba kama la mtu aliyeficha limau mdomoni.

"Leo kasuku wetu kafungiwa tunduni," kaka yake alimtania. Kasuku alitaka kumjibu, akaambulia machozi.

Bibi yake alimpeleka kwa daktari wa meno, naye akammulika mdomoni.

"Jino hili limelala ubavu ndani ya mfupa," daktari alisema, "na mzizi wake uko karibu na mshipa wa fahamu. Nikiling'oa kwa kubahatisha, mdomo wa chini unaweza kufa ganzi maisha yote. Nahitaji picha ya eksirei inayoonyesha kila upande."

Chumba cha picha kilikuwa cha baridi. Mpiga picha, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, alimvua Kasuku hereni na vibanio, akamwegemeza kidevu kwenye kishikio, kisha akamfunga utepe kwenye paji la uso. "Mashine itakuzunguka kichwa. Usitikisike mpaka isimame."

"Mwanangu, weka nguvu yote," bibi alimwomba mpiga picha. "Picha iwe kama kioo."

"Hapana, mama. Miale ya eksirei ikiwa mingi picha hung'aa, lakini miale hiyo hiyo hupita mwilini mwa mtoto, na inaweza kumdhuru baadaye. Ikiwa michache mno, picha hujaa chengachenga. Tunaweka inayomtosha daktari kuona, basi."

"Kumbe kama chumvi," bibi alisema. "Ikishazidi huitoi tena."

Walitoka, wakasimama nyuma ya dirisha la kioo. Bibi aliona kisogo cha mjukuu wake tu. Mkono wa mashine ulianza kuzunguka.

"Vizuri sana, mwanangu," mpiga picha alisema kwenye spika.

"Asante, mama," Kasuku akaitikia.

Nje hakuna aliyemsikia. Alifunzwa kwamba mkubwa akisema haachwi bila jibu; neno lilimtoka kabla hajafikiri, na kidevu kikacheza.

Picha ilipotokea kwenye kompyuta, mizizi ilikuwa na ukungu.

"Ulitikisika?"

Kasuku alikana kwa kichwa. Aliona haya.

"Nilikuwa namwangalia," bibi alimtetea. "Hata sikio halikucheza."

Mpiga picha alishusha pumzi. "Basi huenda miale haikutosha mfupa wake. Itabidi nirudie, tena niongeze."

"Na miale ile ya kwanza?" bibi aliuliza.

"Imeshapita, mama. Hairudi."

Bibi aliukumbatia mkoba wake. Yeye ndiye aliyemuuguza mtoto huyu homa, surua na kikohozi, na kila mara alikuwa na la kufanya. Hapa hakuwa hata na kitambaa cha kulowesha. Kasuku alimtazama alivyoushikilia mkoba.

"Niliitikia," alinong'ona.

"Nini?" mpiga picha aliuliza.

"Uliposema 'vizuri sana'. Nikasema asante."

Bibi aliinamisha kichwa. "Mimi ndiye niliyemfunza."

"Basi siongezi," mpiga picha alisema. "Nitaacha kiasi kilekile, na safari hii nitapiga sehemu ya jino tu, siyo taya zima. Nami nitaufunga mdomo wangu."

Mashine ilizunguka tena. Bibi aliweka kiganja kwenye kioo, akasubiri. Hakuwa na kingine cha kufanya. Picha ilitoka na chenga kidogo, lakini kati ya mzizi na mshipa ulionekana mwanya mwembamba kama uzi.

"Hii inanitosha," daktari alisema.

Jino lilipong'olewa, mdomo wa Kasuku ulibaki na hisia zake zote. Uvimbe ulipokwisha alianza kupiga soga tangu alfajiri, kaka yake akaziba masikio.

Bibi alimwita kando. "Kuitikia wakubwa ni adabu, mjukuu wangu, wala sikukatazi. Lakini anayekuuliza akiwa ameshika chumvi mkononi, mwambie kweli upesi, kabla hajaitia."