Sema Imekushinda

Neno "imenishinda" mimi silijui. Mimi ni fundi bunduki mwenye kibali, Kibondo mjini, muulize yeyote. Mke wangu Asmahani kila siku ananiambia, "Salumu, hasira hasara," nami namjibu chuma hakitaki upole. Kwa hiyo niliposikia kuwa kule Mabamba kuna bunduki iliyomtoa jasho fundi wa Kasulu mpaka akaikimbia, nilibeba mkoba wangu nikapanda pikipiki alasiri ileile.

Nilifika jua linazama. Ukungu ulikuwa unashuka kutoka upande wa Burundi, na baridi ilinipata hadi kwenye vidole. Binti wa mwenye bunduki, Asnath, mama wa makamo, alinipokea mlangoni kwa salamu ya Kiha.

"Mwidiwe, fundi. Karibu ndani."

Akanieleza. Baba yake, mzee Castory, alikuwa mwindaji. Sasa ni mgonjwa, amelala miezi mingi. Familia inataka kuirudisha bunduki polisi, lakini imekwama na risasi ndani, na polisi hawaipokei hivyo.

Mzee mwenyewe alikuwa chumba cha pili, nyuma ya pazia la kitenge. Nilimsikia akipumua. Pumzi ndefu, ya kukwaruza. Inaingia... inakaa... inatoka.

Bunduki ililetwa imefungwa kwenye shuka. Nilipoifungua nikacheka. Ya kale mno, babu wa mabunduki! Ile yenye mkono wa chuma chini ya triga. Unausukuma mbele, ganda linaruka nje. Unaurudisha, risasi nyingine inatoka kwenye mrija ulio chini ya mtutu, kijiko kinaipandisha, inaingia chemba. Kazi ya kunywea chai.

Nikasukuma mkono.

Klak. Ukagoma katikati.

Nikavuta. Wapi! Nikasukuma tena, nikatukana kimoyomoyo. Nikafungua skrubu za ubavuni, nikamulika kwa tochi, nikauona ugonjwa. Kuna kaulimi ka chuma kanakozuia risasi ya pili isitoke kabla ya zamu yake. Kalikuwa kamelika. Risasi mbili zilitoka pamoja, moja ikajipenyeza chini ya mwenzake, kijiko kikashindwa kupanda.

Nikazichokonoa zote kwa bisibisi. Nikachungulia mrija mpaka mwisho. Mtupu.

"Risasi zimetoka," nikasema. "Kawapeni polisi."

Asnath hakufurahi. Aliangalia pazia, kisha akaniangalia mimi.

"Hata fundi wa Kasulu alifika hapo," akasema taratibu. "Ila kuitengeneza bunduki yenyewe kulimshinda, na risasi zikakwama tena."

Ebo! Mimi nifananishwe na yule? Nikaketi tena.

Nilikata kaulimi kapya kutoka kwenye springi ya saa mbovu niliyokuwa nayo mkobani. Nikakapiga tupa, nikakapachika. Nikachukua risasi zangu za majaribio, nne, nilizozichonga mwenyewe kwa mti wa mkaratusi. Fundi mwenye akili hajaribu bunduki kwa risasi ya kweli ndani ya nyumba ya watu.

Klak. Ikakwama.

Nikatoa, nikapiga tupa. Klak. Ikakwama! Jasho likanitoka na baridi yote ile. Nilitamani kuivunjia mlangoni.

Ndipo nikagundua kimya.

Nyuma ya pazia hakukuwa na pumzi.

Nikachomoa risasi iliyokwama. Mkono ukalegea... na mzee akavuta pumzi.

Hhhhh.

Nikasema ni bahati tu. Nikasukuma polepole, mkono ukashika. Pumzi ikakatika. Nikaachia. Ikarudi. 

Kisha sauti ikatoka kule nyuma, nyembamba, ya mtu aliyekauka koo.

"Fundi... sema imekushinda."

Nilipaswa kuogopa. Badala yake nikawaka! Mtu hawezi hata kugeuka kitandani, naye ananidharau?

"Mzee, mimi si wa Kasulu!"

"Sema tu... uende kwa wanao."

"Data, nyamaza," Asnath akamwambia baba yake. 

Nikakapiga tupa kale kaulimi mara ya mwisho, kwa hasira. Nikapachika, nikajaza zile nne za mti, nikasukuma.

Klak-klak. Ya kwanza ikaruka nje. Laini, bila kugoma. Klak-klak. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Kila moja na pumzi yake nyuma ya pazia.

"Mmeona?" nikapiga kelele. "Mmeona kazi?"

Nikasukuma mara moja zaidi, kuonyesha kuwa imebaki tupu.

Kijiko kikapanda na risasi.

Haikuwa ya mti. Ilikuwa ya shaba, imeota kutu ya kijani, ikaanguka kiganjani mwangu. Ya moto. Moto wa yai linalotoka kwa kuku sasa hivi. Harufu ya baruti ikajaa chumbani.

Nyuma ya pazia, kimya.

Nilingoja. Hakikurudi kitu.

Asnath aliingia, akamfumba baba yake macho, akatoka akilia. Hakuishangaa ile risasi. Alinikunja vidole juu yake.

"Hii yako, fundi. Unisamehe. Data hakuzaliwa mwindaji. Alikuwa fundi baiskeli. Mwenye nayo wa kwanza alimwita aitengeneze, akaiweza, pumzi yake ikabaki humo. Miezi yote hii anaomba kufa, na kila fundi anasema imemshinda."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja?"

Risasi niliitupa mtoni njiani. Bunduki nimeiona kwa macho yangu ikifungiwa polisi. Nami nimerudi kwa Asmahani, nakula, naswali, natengeneza kazi za watu.

Ila jioni, ukungu ukishuka, naisikia. Klak-klak. Ndipo pumzi inaingia. Isipolia, kifua hakipandi. Asmahani anasema ni pumu, ananichemshia tangawizi.

Sasa lile neno nimelijua. Kila jioni nakaa kitandani nalisema kwa sauti, kama mwanafunzi: imenishinda, imenishinda, imenishinda. Halafu nangoja mlio.

Jana ulichelewa.