Pakawa Kutoka Mirihi

Saa kumi na mbili na nusu jioni, mjini Voi, kijibu kilicheka.

Kilikuwa chombo kidogo cha kijivu, mfano wa bakuli lililofunikwa, na kicheko kilichotoka ndani yake kilikuwa cha Mwadime, fundi wa visima vya barafu kwenye sayari ya Mirihi. Mkewe Wakesho, mhandisi wa mawimbi, aliacha kusoma akatabasamu. Mghoi, dada yake Mwadime, aliyekuwa akimenya viazi mezani, hakutabasamu.

Mawimbi ya redio huenda kwa kasi ya nuru, lakini majira hayo yalichukua takriban dakika kumi na mbili kufika Mirihi, na nyingine kama hizo kurudi. Mazungumzo ya namna hiyo hayanogi. Ndiyo sababu vijibu vilibuniwa. Kijibu hujifunza sauti na tabia za mtu aliye mbali, kisha humjibia papo hapo, huku maneno uliyosema yakisafiri kwenda kwake. Jibu la kweli likifika, hulilinganisha na lake. Yakikaribiana, huliweka kando. Yakitofautiana mno, huwasha taa nyekundu. Katika mwaka wa pili wa safari ya mumewe, Wakesho alipanua kiasi cha tofauti kinachovumilika, maana taa ilikuwa ikimkatiza kusoma. Tangu hapo haikuwaka tena, na huu ulikuwa mwaka wa nne.

Hivyo ndivyo walivyosoma majuzuu yote kumi na moja ya *Walinzi wa Mlima wa Chumvi*. Wakesho husema "Paukwa," sauti ya Mwadime hujibu "Pakawa," ndipo sura ianze. Juma lililopita malkia Sengwa alikufa upanga mkononi, mfululizo ukaisha, na kijibu kikalia. Wakesho alilia nacho. Siku kadhaa alitembea nyumbani kama mtu aliyetoka matangani. Jioni hii alikuwa amefungua mfululizo mpya, unaoanza na msichana wa jikoni aliyemuunguzia mfalme wali akatoroka kupitia dohani.

"Mpishi," kijibu kilisema kikicheka bado. "Hamfikii Sengwa hata kisiginoni. Turudie juzuu la kwanza, mpenzi."

"Nami naona hivyo," Wakesho alisema, akafunga kitabu.

Mghoi aliweka kisu chini. "Wifi, huyo ni nani?"

"Kaka yako. Nani mwingine?"

"Mwadime aliyekuposa kwa kusema 'basi tuoane, mvua inakuja', leo anakuita mpenzi?"

"Watu hubadilika wakiwa mbali."

"Wakibadilika, wanabadilika kama ulivyotaka wewe? Ulikipongeza kila kilipokubembeleza, sivyo?"

Ndivyo kijibu kilivyofundishwa: majibu aliyoyasifu yalipewa uzito zaidi. Mghoi alibandika viazi jikoni, akiimba kwa dhihaka, "Mpenzi, mpenzi, niletee chumvi." Wakesho alijizuia kucheka akashindwa.

Viazi vilipoanza kutokota, taa nyekundu iliwaka.

Wakesho aliitazama kwa muda kabla ya kubonyeza. Sauti ilikuwa ile ile, ila nzito na ya polepole, yenye kikohozi cha vumbi.

"Wakesho. Mfululizo huu usiuache. Msichana yule wa dohani, nataka kujua atajificha wapi na masizi yote yale." Kikohozi. "Sengwa alinichosha tangu juzuu la saba. Nilikuambia. Ukanijibu kwamba umefurahi kuwa sote tunampenda. Mara nyingi unanijibu maneno nisiyoyasema. Nilidhani ni upweke, nikanyamaza, nikasikiliza kwa ajili ya sauti yako tu. Lakini huyu mpishi nampenda mwenyewe."

Mwadime hakuwa na kijibu. Umeme wa kituo chake ulikuwa wa kutengenezea hewa ya kupumua. Kila neno la mkewe alikuwa amelingoja.

"Huyo ndiye kaka yangu," Mghoi alisema kwa upole.

"Nimemkosa miaka miwili, wifi. Kila siku nikiongea naye."

"Hukumkosa. Amekusikia. Sasa ni zamu yako."

"Turudi kwa Sengwa, mpenzi," kijibu kilisema.

Wakesho alichomoa waya wa kijibu. Akaunganisha kipaza sauti na spika moja kwa moja na mnara wa mawimbi.

"Mwadime, nilikuwa nikijibizana na chombo, si nawe. Juzuu la saba ulilichukia kwa nini, utaniambia, nitangoja. Mpishi tutaanza naye upya." Alivuta pumzi. "Paukwa."

Wakesho alifungua kitabu ukurasa wa kwanza, asisome. Mara mbili alinyoosha mkono kuelekea kijibu, mara mbili akaurudisha. Viazi viliiva. Mghoi alimpakulia, wakala, wakaosha sahani.

Spika ikakwaruza.

"Pakawa," alisema Mwadime, akakohoa. "Soma polepole."