Ng'ombe Watatu Ndani ya Laptopu

Sogea karibu, mtoto. Hadithi hii ina ukungu mwingi, kwa hiyo tutembee polepole.

Huko Tukuyu, kwenye vilima vya migomba, anaishi Tusekile. Ana miaka mitano na mapengo mawili mbele.

Asubuhi kuna ukungu. Jioni kuna ukungu. Katikati inanyesha mvua, na mvua ya Tukuyu haipendi kuja peke yake. Inakuja na radi.

Ngu-ngu-nguuu.

Kwa hiyo nyumbani kwao ipo sheria moja. Radi ikisikika mbali, kabla haijafika, zima swichi na uchomoe. Redio chomoa. Pasi chomoa. Kila chenye waya, chomoa.

Kazi hiyo Mama amempa Tusekile. Na Tusekile hajawahi kuchelewa hata siku moja.

Ngu-ngu-nguuu. Zima, chomoa. Zima, chomoa.

Mama ni mwalimu. Ana laptopu kuukuu ambayo betri yake imechoka. Bila waya haiwaki hata kidogo.

Lakini Tusekile anaipenda laptopu hiyo kuliko kitu chochote pale nyumbani. Ndani yake kuna mluzi wa Babu.

Babu alifariki mwaka jana. Zamani, kila jioni, ukungu ukishuka, alisimama mlangoni akaita ng'ombe wake kwa mluzi. Kila ng'ombe alikuwa na mluzi wake.

Fyu. Huyo ni Kahawia.

Fyu-fyu. Huyo ni Nyota.

Fyuuuuuuu. Huyo ni Maua, wa mwisho kila siku, mvivu kweli kweli.

Jioni moja Mama aliurekodi mluzi huo. Sasa kila usiku anamwekea Tusekile. Ng'ombe wanarudi mmoja mmoja, kengele zao zinalia kwenye ukungu, ngili-ngili, ngili-ngili.

Kabla Maua hajafika, Tusekile ameshalala.

Sasa sikia kilichotokea Jumamosi.

Laptopu ilimwandikia Mama: "Mfumo mpya uko tayari. Niuweke?" Mama akabonyeza "Ndiyo," akaenda jikoni kumenya ndizi.

Kwenye kioo pakatokea duara dogo. Likazunguka, likazunguka. Chini yake paliandikwa: "Tafadhali usizime."

Lakini Tusekile alikuwa bado hajui kusoma.

Ngu-ngu-nguuu, mbali, nyuma ya mlima.

Tusekile akaruka. Redio? Zima, chomoa. Pasi? Zima, chomoa. Laptopu?

Zima. Chomoa.

Kioo kikawa cheusi.

Mvua ikanyesha, ikapita. Mama akarudi, akachomeka waya, akawasha. Kioo kikawa cha bluu. Duara likazunguka, likazunguka, likazunguka. Halikufika popote.

"Nani amechomoa?" Mama akauliza.

"Mimi," Tusekile akasema kwa sauti ndogo. "Radi ilinguruma."

Mama akakaa chini. Akamvuta Tusekile mapajani.

"Umefanya nilivyokufundisha," akasema. "Kosa ni langu. Sikukwambia kwamba leo laptopu iko kazini."

"Na Babu?"

Mama akaitazama laptopu. Mluzi ule ulikuwa humo tu. Simu iliyorekodi ilishatumbukia kwenye ndoo ya maji, na simu haijui kuogelea.

"Sijui, mwanangu," akasema. "Kesho kutwa tutakwenda kwa fundi."

Usiku huo hapakuwa na mluzi. Tusekile akajaribu kupiga mwenyewe. Fff. Ulitoka upepo tu, ukapitia kwenye mapengo.

Alipopata usingizi, akaota. Aliota yuko ndani ya kioo cha bluu, na ndani mle mna ukungu wa bluu. Kahawia alikuwepo. Nyota alikuwepo. Maua alikuwepo, amesimama na kichwa juu, anasubiri.

Hakuna aliyewaita.

Jumatatu Mama akaifunga laptopu kwenye kitenge. Wakashuka pamoja mpaka mjini, kwenye chumba kidogo chenye nyaya nyingi. Hapo ndipo kwa Dada Subilaga, fundi wa kompyuta.

"Shikamoo, dada," akasema Tusekile.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibuni. Mgonjwa yuko wapi?"

Mama akaifungua laptopu. Duara likazunguka, likazunguka.

"Ilikuwa inaweka mfumo mpya, umeme ukakatika katikati," Dada Subilaga akasema. "Imesahau namna ya kuamka. Humu ndani kuna nini cha muhimu?"

"Mitihani ya shule," akasema Mama.

"Kuna ng'ombe," akasema Tusekile.

Dada Subilaga hakucheka. "Wangapi?"

"Watatu. Na Babu anawaita."

"Basi tuanze na ng'ombe. Kutengeneza ni baadaye."

Akachukua flashi ndogo, ndogo kama kidole cha Tusekile, akaichomeka ubavuni.

"Mlango wa mbele umekwama," akasema. "Tutapita mlango wa uani. Tukishaingia, tunatoa vyombo vyote nje salama. Ndipo tunarekebisha mlango."

"Radi ikinguruma je?"

"Leo hatuchomoi mpaka tumalize. Nina betri kubwa chini ya meza, itatulinda."

Tiki-tiki-tiki, laptopu ikajikuna. Fuuuu, ikavuta pumzi.

"Polepole," akasema Dada Subilaga. "Polepole, inakuja."

Kioo kikawaka. Lakini vitu vilikuwa vimechanganyika kama nguo kwenye beseni. Havikuwa na majina, vilikuwa na namba tu, tena namba ndefu.

"Sauti ziko nyingi," akasema Dada Subilaga. "Nani anaijua sauti ya Babu?"

Tusekile akainua mkono.

Akafumba macho, akasikiliza.

Ya kwanza ilikuwa kwaya ya harusi. "Siyo."

Ya pili ilikuwa mvua juu ya bati. "Siyo."

Ya tatu ilikuwa Mama akiwaambia wanafunzi wakae kimya, na wanafunzi hawakukaa kimya. "Siyo."

Polepole. Polepole, inakuja.

Ya nne haikuwa na kitu. Shhhhhh tu. Shhhhhh.

"Hii imeharibika," akasema Dada Subilaga, na mkono wake ukasogea kuiruka.

"Subiri, dada," akasema Tusekile. "Huo ni ukungu."

Wakasubiri wote watatu. Shhhhhh.

Fyu.

Kahawia.

Fyu-fyu.

Nyota.

Fyuuuuuuu.

Mama akaufunika mdomo kwa kitenge. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini yalikuwa ya furaha, usiogope.

Kengele zikalia. Ngili-ngili, ngili-ngili. Kahawia akafika. Nyota akafika. Mchana huo Tusekile hakuwa na usingizi, kwa hiyo kwa mara ya kwanza akamsikia Maua. Ngili... ngili... ngili... Maua naye akafika.

Halafu Babu akazungumza.

Tusekile akafumbua macho. Hakuwahi kujua kwamba mwishoni Babu anazungumza.

"Haya, wote wamerudi," ilisema sauti ya Babu. "Na Tusekile? Amelala?"

Pakawa kimya, shhhhhh, ukungu tu.

"Sijalala, Babu," Tusekile akasema. "Nipo."

Dada Subilaga akageuka akaangalia ukutani kidogo. Hata mafundi wana machozi.

"Mama, wewe ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua. Siku ile ulikuwa umelala mgongoni kwangu. Babu aliniuliza, nikaitikia kwa kichwa tu, nisije nikakuamsha."

"Kwa hiyo hakujibiwa?"

"Namjibu kila usiku," akasema Mama. "Wewe unakuwa umeshalala."

Dada Subilaga akatoa nakala mbili za mluzi ule. Moja akaiweka kwenye flashi, moja kwenye simu mpya ya Mama. Mitihani nayo ikatoka salama. Baada ya hapo akauweka ule mfumo upya, duara likazunguka, na safari hii likafika.

Usiku huo Tusekile akajifunika mpaka kidevuni.

"Leo namjibu mwenyewe," akasema.

"Sawa," akasema Mama.

"Sitalala."

"Sawa, mwanangu."

Shhhhhh, ukungu ukashuka.

Fyu. Kahawia akageuka.

Fyu-fyu. Nyota akainua kichwa.

Fyuuuuuuu. Maua mvivu akaanza kutembea, polepole, polepole, anakuja. Ngili... ngili... ngili...

"Haya, wote wamerudi," akasema Babu. "Na Tusekile? Amelala?"

Mama akamtazama.

"Amelala, Baba," akajibu.

Akaizima laptopu vizuri, akangoja mpaka ilale yenyewe. Mbali, nyuma ya mlima, ikasikika ngu-ngu-nguuu. Mama akazima swichi, akachomoa.