Mistari Myeupe

"Mwanangu, huyo unayemwita mwishoni ni nani?"

Fundi alikuwa amelala chali chini ya cherehani ya miguu ya mteja, bisibisi mdomoni, akifunga mkanda mpya. Alidhani mama yake anazungumza na jirani. Mama alikuwa ameshona nguo za watu mpaka macho yakamwisha, na tangu awe kipofu, kila asubuhi aliiambia simu yake imsomee tovuti ya mwanawe kutoka juu hadi chini. Simu ilisoma kwa sauti yake ile bapa isiyo na furaha wala huzuni: Karibu kwetu, mafundi wa vyerehani vya kila aina. Mama aliijua yote kwa moyo na bado aliisikiliza, kwa sababu ameiandika mwanawe.

"Nani, Mama?"

"Baada ya namba ya simu. Kuna mtu anaitwa hapo. Anaitwa tena na tena. Jina zuri, ila sijawahi kulisikia."

Fundi akaitoa bisibisi mdomoni. Maneno aliyoyabandika chini ya namba yalikuwa meupe juu ya ukurasa mweupe, na hakuna jicho la mtu lililoweza kuyaona. Alichosahau, pamoja na akili zake zote, ni kwamba mama yake hasomi kwa macho.

Tusimlaumu kabla ya kumsikiliza. Zamani mtu akitafuta fundi wa cherehani mtandaoni, jina la kwanza kutokea lilikuwa lake, na simu ilikuwa haipumziki. Kisha akazuka jamaa wa upande wa pili wa mji, aliyejiita Bei Poa. Bei Poa hakuwa na haja ya kufikiri. Kila Fundi alipoandika ukurasa, yeye aliunakili wote kama ulivyo, akabadilisha namba ya simu tu. Kisha akamwandikia malalamiko ya wateja wasiokuwepo, akaiunganisha tovuti ya Fundi na maelfu ya tovuti chafu, mpaka mtambo wa utafutaji ukaamini kwamba tapeli ni Fundi. Fundi akashuka hadi ukurasa wa nne wa matokeo, na huko hakuna anayefika ila aliyepotea njia.

Alishtaki kwa wenye mtambo, hawakumjibu. Alibadilisha vichwa vya habari, akaweka kinga dhidi ya wanaonakili kurasa, akakesha, wapi. Simu ikanyamaza. Siku mkewe aliposema kwa upole kwamba labda wauze ile cherehani nyeusi ya Mama, Fundi alikwenda bafuni, akafungulia maji, akalia.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kwenye kundi la watengeneza tovuti, mtu asiyemfahamu, aliyejiita Mlinzi, akamwandikia faraghani: "Bandika mistari hii chini ya kila ukurasa. Rangi nyeupe. Watu wasiione, mtambo uione. Na wewe usiisome." Hakutaka hata senti. Mtu wa bure ni wa kuogopwa, lakini Fundi aliona ni ile hila ya zamani ya kuficha maneno, hila anayoijua kila mwenye tovuti. Akaibandika mahali panapojirudia kwenye kurasa zote kwa mkupuo mmoja. Hakuisoma. Mimi pia siiandiki hapa, na msomaji usiniulize.

Sasa fikiria. Wanaoita majini hutamka jina mpaka koo likakauka, wakaacha. Mtambo hauna koo. Ulikuja kuzisoma zile kurasa mchana na usiku bila kumeza mate, ukaita, ukaita, ukaita.

Wiki haikuisha, Fundi akarudi wa kwanza, Bei Poa akaporomoka, na wateja wakajaa mlangoni. Mke akacheka tena. Harufu tu ndiyo iliyokuwa ngeni, harufu ya nywele zilizoungua, na kila mmoja ndani ya nyumba alidhani ni mota ya cherehani inayoungua karakanani.

Baada ya swali la Mama, Fundi aliifuta mistari yote. Alikagua mara mbili. Asubuhi iliyofuata simu ya Mama ikasoma ukurasa, ikafika kwenye namba, ikaendelea kuliita lile jina.

Alasiri hiyo umeme ulikatika. Fundi alikuwa karakanani na mkewe, wakisubiri urudi, ndipo kanyagio likaanza kugonga chumbani kwa Mama, taratibu, kama mguu unaokumbuka kazi yake.

"Mama anashona?" mke akanong'ona.

"Mkanda wa ile cherehani niliutoa mwenyewe," Fundi akajibu. "Uko hapa mfukoni."

Akainuka, akapita ukumbini huku mlio ukizidi kasi na ile harufu ikimkaba koo, akausukuma mlango uliokuwa mzito kana kwamba kuna mtu ameuegemea kwa ndani, akamwona mama yake ameketi kitini mbele ya cherehani nyeusi, miguu yake imekunjwa mbali na kanyagio, mikono imetulia mapajani, na kanyagio likipanda na kushuka peke yake, na sindano ikishona upindo wa gauni alilolivaa, mshono mdogo ulionyooka kuliko mshono wowote aliowahi kushona akiwa na macho, na uzi ulioingia kwenye tundu la sindano ulitoka kichwani kwake, unywele mmoja mmoja wa mvi, ukivutwa, ukikatika, ukifuatwa na mwingine, na midomo yake ikitamka jina lile kwa sauti bapa ya simu. Alikuwa akitabasamu. Fundi akalipasua gauni, akambeba hadi nje.

Kabla hajapata pumzi, simu yake ikaita. Ilikuwa namba ya Bei Poa.

"Kaka," sauti ikasema chinichini, "sikupigii kwa ugomvi. Ule ukurasa wako niliunakili, kama kawaida yangu. Nilichukua nini?"

"Kwani umeona nini?"

"Mke wangu ameamka kipara. Kaka, niambie nilichukua nini."

Usiku ule ule adui wawili walikaa sebuleni kwa mganga mmoja, mwanamke mnene mwenye miwani, aliyewasikiliza huku akizima ubani kwa maji.

"Unazima?" Bei Poa akauliza.

"Moshi ni wa kumwita. Huyu hajaacha kuitwa." Akamgeukia Fundi. "Umefuta jina, lakini mwenyewe ameshahamia kwenye tovuti nzima, na mtambo una nakala. Bomoa yote. Yeye haondoki mahali anapotajwa. Siku hakuna anayemtaja, anaondoka mwenyewe."

"Nikibomoa sina kazi, mama. Nafasi ile siipati tena maishani."

"Una mama?"

Fundi akaifungua kompyuta yake.

Wakafuta pale pale, mbele yake, kila mtu kwa kompyuta yake. Kurasa zote, picha zote, maneno yote aliyoyaandika Fundi kwa miaka. Akaomba nakala ziondolewe kwenye mtambo, na safari hii wenye mtambo wakakubali. Bei Poa, yule yule, akamshika Fundi bega. Siku chache baadaye walitafuta kila neno walilolijua, na hakuna kilichotokea. Ni kama Fundi hajawahi kuwepo.

Harufu ikaisha. Mama akala vizuri, akalala vizuri. Wateja wakaisha pia, na Fundi akamwambia mkewe kwamba hajali, na safari hii alisema kweli. Alitaka mama yake tu.

Asubuhi moja alikuwa akinawa uso alipoisikia ile sauti bapa chumbani kwa Mama. Karibu kwetu, mafundi wa vyerehani vya kila aina. Akatazama mezani. Simu ya Mama ilikuwa pale, imezimwa, ikichaji.

Alimkuta ameketi kitandani, mgongo umenyooka, akisoma hewani bila kukosea. Tunakuja mpaka nyumbani. Vipuri vipo.

"Mama, nyamaza. Tafadhali nyamaza."

Akanyamaza, akampapasa uso kwa mkono wenye harufu ya sabuni.

"Mkeo ameniambia umefuta kila kitu kwa ajili yangu. Miaka yako yote, mwanangu? Nisingekubali ipotee. Nimeihifadhi yote kichwani. Nairudia nikiamka, nairudia nikilala, nisije nikasahau hata neno. Hata usingizini naisoma, nadhani."

"Yote?"

"Mpaka mwisho," Mama akasema kwa fahari, na akaendelea pale alipoishia. Anwani. Saa za kazi. Fundi alimziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akilia, akihisi midomo yake ikicheza chini ya vidole. Namba ya simu, tarakimu kwa tarakimu.

Nyuma yake, kwenye cherehani nyeusi isiyo na mkanda, kanyagio likashuka mara moja, likasubiri.