Makofi Hayaui Kuvu

Kila asubuhi ya likizo, kabla sijakumbuka vizuri jina langu, bibi yangu, Cucu Ciakuthii, hunigongea dirisha kwa kijiti cha kuchungia mbuzi.

"Muchangi, jua limetoka. Mahindi hayajianiki."

Basi mimi, mwanafunzi wa kidato cha tatu, mtu anayeheshimika sana bwenini kwa sababu ambazo mwalimu mkuu hapendi kuzitaja, hutandaza turubai uani, nikamwaga mahindi, nikayageuza na kuwafukuza kuku. Kwa cucu ni Kiritiri, mahali ambapo mvua huja ikijisikia. Msimu huo ilijisikia kuja wakati mbaya kabisa, mahindi yakiwa yameanikwa.

Yetu tuliyaokoa. Ya kikundi hayakuwa na bahati. Cucu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wanaopika uji wa watoto wa chekechea ya kanisa. Mahindi yao yalilowa, yakarudishwa kwenye magunia kabla ya kukauka, na magunia yalipofunguliwa, punje nyingi zilikuwa zimevaa unga wa kijani. Chekechea ilikuwa ifunguliwe Jumatatu. Akina mama wakaamua kuyaosha, kuyaanika tena na kuyapeleka kwenye mashine ya kusaga. Mtu wa huku kwetu Mbeere hatupi mahindi. Ameshaona kiangazi, anajua sufuria tupu inavyolia.

Dada yangu Alice aliposikia hayo, alishika kichwa. Alice anasomea shahada ya uzamili chuo kikuu, na jambo analolichunguza ni hilo hilo, yaani kuvu ya mahindi na sumu inayoiacha.

"Watoto wakinywa uji huo wataumia," aliniambia jikoni. "Sumu hiyo inakula ini. Mtoto anadumaa. Na haioshwi, wala moto hauiondoi."

Nilimwelewa mara moja. Akiwa na kikombe cha chai mkononi, dada yangu huongea kama binadamu.

Ijumaa alipewa nafasi ya kuzungumza na kikundi katika ukumbi wa kanisa. Mimi nilibebeshwa projekta, waya na shuka jeupe la cucu. Hakuna aliyenishukuru. Alice alivaa koti zito jeusi, katika jua la Kiritiri, akasimama mbele ya akina mama waliomjua tangu akiwa na pua inayochuruzika.

"Mabibi," alianza, na yule dada wa jikoni akatoweka. "Wasilisho hili linajikita katika uchafuzi wa nafaka utokanao na metaboliti za kuvu, hususan pale ambapo kiwango cha unyevu kinavuka kizingiti cha usalama."

Kwenye shuka kulitokea grafu yenye mistari iliyopanda na kushuka kama mbuzi waliokosa mchungaji. Alice aliielekeza kalamu huku, akaielekeza kule. Mama mmoja kando yangu alilala kwa heshima, macho wazi. Hatimaye Alice akauliza kama kuna swali. Akina mama wakamtazama cucu.

"Pasheni," cucu akaamuru. Akina mama wakasugua viganja mpaka vikapata moto, wakapiga makofi kwa pamoja, kisha wakamrushia mgeni, mikono mbele, kama watu wanaomwaga maji.

Alice aling'aa. "Umeona, Muchangi? Wameelewa."

Wakati chai ikigawiwa, nilikwenda kwenye ghala la kanisa kurudisha waya wa ziada. Humo nilimkuta Karwirwa, mpishi wa uji, aliyeolewa huku kutoka Meru. Binti yake Purity yuko chekechea hiyo hiyo. Alikuwa akimimina mahindi ya kijani kwenye karai la maji.

"Mama Purity, unafanya nini?"

"Naosha mahindi. Kwani huna macho? Jumatatu si watoto wanakuja?"

"Na yale aliyosema Alice?"

"Amesema vizuri sana. Si tumemrushia makofi?"

"Amesema nini?"

Karwirwa aliniangalia kwa huruma. "Wewe ndiye uko sekondari, halafu unaniuliza mimi?"

Nilirudi mbio kwa Alice. Alikuwa akinywa chai na kupokea pongezi. Nilimwambia nilichokiona.

"Lakini nimewaeleza," alisema. "Nimewapa nafasi ya kuuliza, wakanyamaza. Sasa unataka niwatafunie? Mimi nimefanya sehemu yangu."

"Purity atakunywa uji huo."

"Hawa ni watu wazima, Muchangi. Siwezi kuwashika mikono."

Nimewahi kukasirika maishani. Nilikasirika siku maharagwe ya shule yalipokuja na wakazi wake. Lakini hii ilikuwa hasira ya aina nyingine, ilinipanda mpaka masikioni. Huyu anajua sumu ilipo na anayo maneno mepesi ya kuieleza, ila ameyaacha jikoni kwa sababu hayafanani na koti lake. Na wale pale, watu wenye akili zao, wanaoweza kukuambia mbuzi ni mgonjwa kabla hujamwona, wamekaa wakipigia makofi kitu wasichokijua. Niliwakasirikia wote kwa usawa, kama jaji.

Nikamwendea cucu kwa unyenyekevu mkubwa, nikaomba nitoe neno la shukrani. Alifurahi. Masikini cucu.

Nilisimama mbele, nikakohoa kidogo, nikainua kidevu.

"Waheshimiwa wanakikundi," nilisema. "Tukizingatia mtagusano wa kimfumo baina ya kwato na mawingu, ni bayana kwamba ukolezi wa mkia wa mbuzi unaathiri mustakabali wa sufuria. Kwa mantiki hiyo, kizingiti cha ndevu hakina budi kuhuishwa katika muktadha wa kijiko. Ahsanteni."

"Pasheni," cucu akaamuru, sauti ikitetemeka kwa fahari. Makofi yalikuwa makubwa kuliko ya Alice. Nikasikia mtu akinong'ona, "Huyu mtoto amesoma."

"Mama Purity," nikasema, kwa kuwa Karwirwa alikuwa ameingia akifuta mikono. "Nimesema nini?"

Karwirwa alitazama kulia, akatazama kushoto. "Umesema... mambo ya mbuzi."

"Sijasema kitu. Nimeokota maneno makubwa nikayapanga kama matofali. Nanyi mmenipigia makofi."

Cucu akasimama polepole.

"Muchangi. Umetuchezea? Mbele ya mama zako?"

"Umenifanya kichekesho," Alice akasema, macho yamemwiva. "Umeniiga mbele ya watu."

"Muulize Mama Purity anaosha nini kule ghalani," nilimjibu.

Alice alimgeukia Karwirwa. "Ni yale ya kijani?"

"Ndiyo. Lakini naosha vizuri, mara mbili. Hata Purity wangu atakunywa uji wake."

Alice akalitupia jicho lile shuka. "Lakini nimesimama hapa nusu ya asubuhi nikisema msiyatumie."

"Ulisema hayo?" aliuliza mama aliyekuwa amelala macho wazi.

Hapo cucu alinipa mgongo, akamkabili dada yangu. "Alice, wewe umelelewa hapa. Mgeni akisimama hatumkatizi. Akimaliza hatumwaibishi kwa maswali. Tunampigia makofi aende kwake salama."

"Mimi si mgeni, cucu. Mimi ni mjukuu wako."

"Umeongea kama mgeni, tukakupokea kama mgeni."

Alice akavua lile koti na kuzima projekta. Akaomba chupa ya soda iliyokauka vizuri, chumvi kavu, mahindi kidogo ya turubai letu na mahindi ya kikundi ambayo hayajaoshwa. Sasa alizungumza Kimbeere, ile lugha ya jikoni.

Alitia mahindi yetu na chumvi ndani ya chupa, akatikisa, akawapitishia. Chumvi ilidondoka yote chini. Akaimwaga, akaifuta chupa, akafanya vivyo hivyo na mahindi ya magunia. Chumvi iliganda kwenye kioo.

"Hayo bado yana maji," mama mmoja akasema kabla hajaulizwa.

"Ndiyo. Yakifungwa hivyo, kuvu inaota, na kuvu inatema sumu. Ukiosha, unaondoa kuvu unayoiona. Sumu imeshaingia ndani ya punje, na haionekani. Hata kuchemsha hakuiondoi."

"Basi tuwape ng'ombe," mwingine akasema.

"Itarudi kwenye maziwa, mama."

Karwirwa akasimama, mikono kiunoni. "Wewe Alice, ni rahisi kusema. Tukiyatupa, Jumatatu watoto watakunywa nini? Makofi?"

Hilo lilikuwa swali la kwanza la kweli siku hiyo, na lilikuwa kali. Cucu ndiye aliyetoa jibu: ana mtama aliouweka kwa ajili ya kiangazi, angeanza na huo. Mama aliyekuwa amelala akasema naye anao kidogo. Sauti zikaongezeka mpaka uji ukapatikana.

"Mama Purity," Alice akasema, "ukifika nyumbani na mume wako aulize kwa nini mmetupa chakula, utamjibu nini?"

Karwirwa alimjibu kama mume mwenyewe yuko pale, kwa kidole, na hakuacha neno: maji, kuvu, sumu, ini, hata maziwa. Hakuna aliyepiga makofi. Waliuliza maswali mpaka chai ikapoa.

Adhabu yangu ilikuwa kuchimba shimo la kufukia magunia yale. Ni kweli nilistahili, ingawa ardhi ya Kiritiri ni ngumu kuliko kosa langu. Alice alikuja kunisaidia bila koti. Alisema chupa na chumvi atakwenda nazo hadi mbele ya maprofesa wake.

Cucu alisimama juu ya ukingo wa shimo akitutazama.

"Alice, elimu yako ni nzuri, lakini neno halijafika mpaka aliyelisikia aweze kulibeba nyumbani. Usihesabu makofi, sikiliza maswali. Nasi tumekosa. Kunyamaza kwa adabu kulikaribia kuwapa watoto wetu sumu. Kuanzia leo, asiyeelewa aseme."

"Na mimi, cucu?" niliuliza, nikitumaini sifa kidogo.

"Wewe chimba," alisema. "Ukiwa na jambo la kweli la kuniambia, sema moja kwa moja. Usiniletee mikia ya mbuzi."