Kisanduku Kilichoachwa Wazi

Kiti kilikuwa kimelowa. Chapchap alikikalia bila kutazama, kama alivyofanya mambo mengi maishani mwake, akainuka mara moja huku suruali imemganda. Akatazama juu kama kiyoyozi kinavuja, na kiyoyozi kilikuwa kimekufa tangu mwaka uliopita. Alipoinama kupangusa kwa gazeti ndipo ikamjia harufu ya tope iliyochanganyika na dawa ya kusafishia sakafu.

Jina la Chapchap alipewa na wenzake pale hospitalini, alikokuwa fundi wa kompyuta, na alilipenda. Wengine wakiumiza kichwa siku nzima, yeye ameshamaliza, yuko kantini anabishana habari za mpira. Ndiye aliyeandika programu ya kutafutia wagonjwa. Mapokezi unaandika jina la kwanza, jina la baba, mtaa, umri na namba ya kitanda, na usichokijua unakiacha wazi, maana kisanduku kitupu ni sawa na kusema "yeyote."

Hapo penye "yeyote" ndipo alipopita njia ya mkato. Jina la baba likiachwa wazi, programu yake ililichukua jina la baba la kila mgonjwa na kulilinganisha na lenyewe. Mwenye nalo alilingana, akapita. Lakini ndani ya hifadhidata, pasipoandikwa kitu hapalingani na chochote, hata na penyewe. Kwa hiyo mgonjwa ambaye jina la baba yake halikuandikwa hakuonekana kamwe, hata umtafute kwa jina lake halisi. Mwenzake alimshauri ajaribu kwanza na mgonjwa wa namna hiyo. Chapchap alisema atajaribu. Haraka haraka haina baraka, lakini waliosema hivyo hawakuwa na bosi anayepiga simu kila saa.

Mvua zilipoanza, binti mmoja aliokotwa mtaroni, amegongwa na gari, akaletwa amefungwa blanketi linalochuruzika maji. Alitaja jina lake moja tu, kisha akapoteza fahamu. Mama yake akaja kumuulizia, akarudi, akarudi tena. Mama Mapokezi, aliyekaa dirisha lile tangu nywele zake zikiwa nyeusi, aliandika jina la binti, akaacha visanduku vingine wazi, na kila mara akamjibu mzazi yule kwa upole, "Hayupo hapa, mama. Jaribu kwingine." Binti alikuwa ghorofa ya juu yao. Fahamu zilimrudia dakika za mwisho tu, akafa akimwita mama yake.

Habari zilipomfikia Chapchap, alijua papo hapo ni kile kisanduku kitupu. Akafungua programu, akaurekebisha mstari ule, akaijaribu kwa namba ya kitanda, akafunga. Hakumwambia mtu. Kosa hili lilikuwa kubwa kuliko lile la kwanza, kwa sababu mkuu wa hospitali alipokuja kuchunguza, aliandika jina la binti kwa mkono wake mwenyewe, na binti akatokea bila taabu.

"Huyu hapa," mkuu alisema. "Wewe mama ulikuwa unatafuta nini?"

"Nilimtafuta, mkuu. Haki ya Mungu nilimtafuta."

"Chapchap, programu ina tatizo?"

Chapchap alitazama viatu vyake. "Inafanya kazi vizuri, mkuu."

Hakudanganya, ndivyo alivyojiambia. Mama Mapokezi alifukuzwa kwa uzembe. Alitoka na mfuko wa plastiki wenye kikombe chake na kandambili zake, na fundi wetu akajifungia chooni mpaka alipohakikisha ameshaondoka. Aibu ilimwasha mwili mzima kama upupu.

Kesho yake ndipo kiti kilipolowa.

"Baba watoto, umeoga na nguo?" mkewe alimtania aliporudi nyumbani.

"Mvua."

"Mvua gani? Nimeanika tangu asubuhi."

Akaingia chumbani kubadili suruali. Siku zilizofuata alibadilisha kiti, kisha chumba, na kila alipokaa palilowa. Mchana mmoja alikuwa akipita kwenye ukumbi wa wagonjwa, mabenchi yamejaa watu wanaongea habari zao, akasikia nyuma yake nyayo zilizolowa, pwacha, pwacha, zikisimama anaposimama na kuanza anapoanza, na alipomuuliza mtu wa kwanza na wa pili kama wamemwona anayemfuata wakamwangalia kama mgonjwa aliyetoroka wodini, huku sakafuni, katikati ya viatu vya watu wote wale, alama ndogo za miguu ya maji zikizidi kumsogelea, mpaka ya mwisho ikajichora kati ya visigino vyake mwenyewe na pumzi ya baridi ikamgusa shingoni.

Usiku huo shuka lilikuwa zito. Mkewe alimshika mkono gizani.

"Unasikia?" alinong'ona. "Nani analia?"

"Lala. Hakuna mtu."

"Nipo," ikasema sauti chini ya kitanda.

Asubuhi mke alimwita shangazi yake, mtaalamu wa kutoa majini, mwanamke mnene asiyependa maneno mengi. Shangazi alikaa na Chapchap chumbani, akafumba macho, akavuta harufu ya tope mpaka akakohoa.

"Huyu si jini," alisema. "Jini ningemwamuru na angetii. Huyu ni mtu. Umemficha nani?"

Chapchap akamwambia yote, kwa sauti ya chini ili mkewe asisikie. Alipomaliza, yule aliyezoea kukaa na majini goti kwa goti akasogeza kiti chake mbali naye.

"Mimi sina dawa yako, mwanangu. Nenda kwa uliyemharibia jina."

Alikwenda mchana huohuo. Mama Mapokezi alimfungulia akiwa na kisu na kitunguu mkononi, akamkaribisha sebuleni, akampa kiti. Wema ule ulimchoma kuliko tusi.

"Nimekuja kukuambia kwamba ulitafuta vizuri, mama," alianza. "Mfumo ulikuwa na hitilafu."

"Mfumo."

"Ndiyo, mama. Ulimruka binti."

"Huo mfumo una mikono?"

Chini ya kiti chake maji yakaanza kudondoka. Chapchap alikaza macho ukutani.

"Ni mimi," alisema. "Nilikosea nikiandika. Alipokufa nikarekebisha kimyakimya, nikakuacha uitwe mzembe mbele ya watu. Nilijua, na sikusema."

Mama Mapokezi akaweka kisu chini. Chapchap akatoa simu, akampigia mkuu, akafungua spika, akayarudia yale yale neno kwa neno. Mkuu akasema mama arudi kazini kesho, na wewe Chapchap uje ofisini kwangu, tena uje na barua ya kujieleza.

Simu ikakatika. Chapchap akashusha pumzi. Alikuwa amepoteza kazi bila shaka, lakini kifua kilikuwa chepesi, akaanza kuinuka aage.

"Kaa," alisema Mama Mapokezi taratibu. Alikuwa anatazama nyuma ya bega la Chapchap, machozi yanamtiririka. "Mwanangu, nisamehe. Ilinipasa kupanda ngazi nikutafute kwa macho yangu. Nilikaa kwenye kiti nikaiamini mashine."

Harufu ya tope ikajaa sebule nzima. Chapchap akainamisha kichwa. Yule asiye na kosa ameomba radhi, na yeye alikuwa anatafuta mlango.

"Zamu yako," mama alimwambia. "Muombe msamaha. Mwite kwa jina lake."

Chapchap akafungua mdomo. Aliikumbuka namba ya kitanda. Aliukumbuka mstari wa programu, alama kwa alama, angeweza kuuandika macho yamefungwa. Akatafuta, akatafuta tena, na mkono mdogo uliolowa ukatua begani mwake, ukangoja.

Jina hakuwahi kulisoma.